Lingegonga, Ningesikia

Fundi Sikio alitia saini fomu ile Jumatano saa nne asubuhi, juu ya boneti la gari la Daktari, kwa kalamu ya Daktari mwenyewe, na hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akisikiliza injini, na hakuna injini iliyowahi kumdanganya. Ndivyo alivyojiambia, na ndivyo mtaa mzima ulivyokuwa ukimwambia.

Jina la Sikio hakujipa. Alipewa na madereva wa malori enzi zile nywele zake bado nyeusi. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao: ncha anaiweka juu ya injini, mpini anaubana kwenye tundu la sikio, anafumba macho, na kila aliyeko gerejini anafunga mdomo wake. Baada ya dakika anafumbua macho na kusema, "Silinda ya pili, plagi," au, "Beringi ya pampu ya maji, ina wiki mbili." Wiki mbili zikitimia, pampu inakufa. Watu walimletea magari yaliyoshindikana kwingine kote, na juu ya lango la gereji alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: HAPA TUNASIKILIZA. Gereji nyingine zilikuwa na kompyuta za kusomea magari. Ya kwake nayo ilikuwa nayo moja, lakini ilikuwa ya binti yake, na alipoitaja alisema "kile kidubwana chako."

Binti huyo alikuwa fundi kama yeye. Alisoma chuo cha ufundi miaka mitatu, kisha akafanya kazi miaka minane hapo hapo gerejini, na ovaroli yake ilikuwa na mafuta mengi kuliko ya baba yake. Siku baba akifurahi alimwita mwanangu. Siku akikwazika alimwita Mhandisi.

Na Daktari alikuwa daktari wa meno, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyekwisha kulea watoto watatu na kuchungulia vinywa vya nusu ya mji, na sasa alikuwa amejinunulia kitu ambacho hakuna mtu aliyemshauri akinunue: gari la spoti la milango miwili, jeupe, lenye turbo ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Lilikuwa limetumika, ila lilitunzwa vizuri. Pale gerejini walikuwa wakiliita Jino. Mwenyewe alijua, na alilipenda jina hilo.

Jumapili ya wiki ile klabu ya magari ilikuwa na mbio za kupanda mlima, gari moja moja, kila dereva akishindana na saa. Fomu ya klabu ilikuwa na mstari uliosema, "Injini imekaguliwa na ni nzima," na chini yake nafasi ya saini ya fundi. Klabu walikuwa na orodha fupi ya mafundi waliowaamini. Fundi Sikio alikuwa wa kwanza kwenye orodha, na hilo alilipenda kuliko alivyokubali kuonyesha.

Sasa Daktari, kabla ya saini hiyo, alikuwa amekuja na mfuko wenye chupa nne ndogo.

"Nimeshauriwa niweke hizi," alisema. "Busta. Muuzaji wa duka la vipuri anasema kila chupa inapandisha oktani kwa pointi thelathini. Nikijaza petroli ya kawaida, ile tisini na moja, nikamwagia na chupa, napata mia na ishirini na moja. Si nitapaa hapo, fundi?"

Fundi Sikio alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo kakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Daktari, tena chupa yenyewe hii hapa. Pointi si namba. Pointi kumi ndiyo namba moja. Pointi thelathini maana yake namba tatu. Ulikuwa tisini na moja, umefika tisini na nne, basi. Na hapo ni kama lebo haikutia chumvi, na mimi sijaona lebo isiyotia chumvi."

"Kumbe." Daktari aliitazama chupa upya. "Sasa si bora niende kwenye pampu ya tisini na tano moja kwa moja?"

"Ya nini? Watu wanadhani oktani ni ukali, kama pilipili. Oktani ni uvumilivu. Petroli ya namba ndogo ina papara. Ukiibana sana ndani ya silinda inajiwakia yenyewe, bila kungoja cheche. Hapo ndipo injini inagonga, na ikigonga sana inatoboa pistoni. Ya namba kubwa inavumilia mpaka iitwe. Lakini kama injini yako haigongi, uvumilivu wa ziada unaupeleka wapi? Ni kuvaa makoti mawili kwenye jua."

"Na langu haligongi?"

"Nimelipandisha ile barabara ya matangi ya maji, madirisha wazi. Lingekuwa linagonga, ningesikia."

Binti yake alikuwa akifunga gurudumu la gari la jirani. Aliweka spana chini.

"Baba, ndani ya kifuniko cha tangi wameandika tisini na tano."

"Wameandika waliotengeneza gari. Na hao wana rafiki zao wanaouza mafuta."

"Lina turbo, baba. Linabana kuliko magari tuliyozoea."

"Nimesema ningesikia." Na hapo akachukua kalamu ya Daktari akatia saini.

Binti alijifuta mikono kwenye ovaroli. Kisha akasema, mbele ya mteja, jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka minane. "Tupime."

"Tupime nini?"

"Petroli ya kawaida, ya kawaida na busta, na ya tisini na tano. Gari moja, mlima mmoja, saa moja ya kupimia. Tuone."

Kama si Daktari kusimama pale, Mhandisi angekiona cha moto. Lakini Daktari alikwisha kufurahi, akasema Jumamosi hana wagonjwa, na kwamba yeye mwenyewe ataendesha. Fundi Sikio akasema sawa, na tutaanza na pikapu yangu, ili mjue nasema nini. Akaikunja fomu yenye saini yake, akaitia mfuko wa shati. Alisema atamkabidhi Daktari Jumamosi hiyo, wakishamaliza michezo yao.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa na hasira, na hasira zake siku hizi zilikuwa na mahali pa kwenda: ubovu wa vitu vya kisasa. Mwezi uliopita indiketa ya pikapu yake iliacha kulia. Taa zilikuwa zinawaka na kuzima sawasawa, lakini ule mlio wake, tik tik tik, haukuwepo. Akatoa kile kidude kinachopiga tik, akaweka kipya. Kipya nacho hakikulia. Akasema wanatengeneza vitu kama vya kuchezea watoto. Kengele ya mlangoni nyumbani aliibadilisha mara mbili. Ya pili aliinunua kwa mtu aliyemwapia kuwa inasikika mpaka barabarani.

"Inalia, baba watoto," mkewe alimwambia jioni hiyo, jirani alipokuwa mlangoni.

"Inalia wapi?"

Mama watoto alimtazama, akafungua mlango, akamkaribisha jirani. Alikuwa ameshasema mara nyingi.

Jumamosi asubuhi waliweka vituo. Barabara ya matangi ilipanda mlima ikipita kando ya ukuta mrefu wa maghala, na ukuta huo ndio uliomfanya Fundi Sikio aipende tangu zamani: ukipita kando ya ukuta madirisha yakiwa wazi, sauti ya injini inakurudia sikioni bila kificho. Nguzo ya umeme ya kwanza ilikuwa mwanzo, ya tano mwisho. Kila gari lingeingia kwenye nguzo ya kwanza kwa mwendo wa arobaini, gia ya tatu, kisha dereva akanyage mafuta mpaka chini. Binti alikuwa na saa ya simu yake.

Pikapu ilipanda kwanza, mara tatu kwa petroli ya kawaida. Wakaikausha tangi kwa mpira, wakaijaza tisini na tano, ikapanda mara tatu tena. Sekunde kumi na tisa, kumi na tisa na nusu, kumi na tisa. Kisha kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na tisa na nusu.

"Umeona?" Fundi Sikio alimwambia Daktari. "Hata haijui umeinywesha nini."

"Kwa pikapu hata mimi nakubali," binti alisema. "Magari mengi ya mji huu yako hivyo hivyo. Mwalimu wa pale mtaani anajaza tisini na tano kila wiki kwenye kigari chake, na hapati kitu."

"Sasa tunabishana nini?"

"Jino."

Fundi Sikio alikaa kiti cha mbele pembeni ya Daktari. Binti alijibana kiti cha nyuma, magoti yakigusa kidevu. Jua lilikuwa limewaelekea, kwa hiyo mzee akateremsha kile kibao cha kuzuia jua, na kwenye kioo kidogo cha kibao hicho akamwona binti yake amekodolea simu. Madirisha yote mawili yalikuwa wazi. Tangini mlikuwa na petroli ya kawaida, tisini na moja.

Daktari aliingia nguzo ya kwanza, akakanyaga. Fundi Sikio alifumba macho kama desturi yake. Alisikia injini ikivuta, turbo ikipuliza, matairi, upepo. Akasikia ukuta ukirudisha mngurumo, mnene na safi. Alifumbua macho akiwa ameridhika. Wakati huo huo walikuwa wakipita nguzo ya tatu, na kwenye kioo akamwona binti yake amekunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Pembeni yake mguu wa Daktari ulilegea kidogo kwenye kanyagio, halafu ukakaza tena.

Sekunde kumi na mbili na nukta sita.

Mara ya pili hakufumba macho. Nguzo ya kwanza, ya pili. Akasikiliza kwa nguvu zake zote, mpaka shingo ikamkaza. Nguzo ya tatu, na wote wawili wakashtuka tena, pale pale, kwa pamoja, mmoja nyuma na mmoja usukani, bila kutazamana. Mtu hawezi kula njama kwa kope za macho. Kulikuwa na kitu ndani ya gari lile, kililia mbele ya watu watatu, na wawili wakakisikia.

Mara ya tatu hakusikiliza kabisa. Alitazama tu.

Hapo ndipo alipojua. Aliona haya, haya ya mtoto aliyejikojolea darasani, ingawa hakuna aliyekuwa anamtazama. Mfukoni mwa shati fomu ilikuwa imekunjwa mara nne, na juu yake saini yake ikisema injini hii ni nzima.

Mtu mwingine angesimamisha kazi hapo. Fundi Sikio alikuwa fundi, na fundi akikosa kipimo kimoja hutafuta kingine. Akawaacha waendelee, akaamua kupima kwa nyuso zao.

Walirudi gerejini, wakamwaga busta kwenye tangi kama lebo ilivyoagiza. Binti akasema lazima waendeshe nusu saa kwanza mjini.

"Kwa nini?" Daktari aliuliza.

"Hili gari lina sikio lake," binti alisema. "Kidude kidogo, kimefungwa ubavuni mwa injini. Injini ikigonga kinasikia, kinaiambia kompyuta, kompyuta inachelewesha cheche. Ndiyo maana inagonga mara mbili tatu halafu inajirudi. Inajilinda, lakini nguvu inapungua. Sasa inabidi ipewe muda wa kujua kuwa mafuta yamebadilika."

Binti aliyasema haya haraka, kisha akamtupia baba yake jicho na kuuma mdomo. Fundi Sikio alijitia hamnazo. Alikuwa amesikia maneno yale vizuri sana, "inagonga mara mbili tatu," na aliyahesabu.

Kwa busta, nyuso zilikunjamana kidogo tu, tena mara ya kwanza peke yake. Sekunde kumi na mbili na nukta nne. Kwa hiyo chupa ilifanya kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kidogo kama alivyosema. Katika siku ile mbaya alijipatia walau hilo.

Saa nane mchana walilikausha tangi, wakajaza tisini na tano. Wakazunguka mjini nusu saa, wakaja mlimani. Nguzo ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu kioo kilimwonyesha binti yake ametulia, macho kwenye simu, na Daktari mguu chini bila kutikisika, anatabasamu. Gari liliwasukuma kwenye viti mpaka juu. Sekunde kumi na moja na nukta tisa.

"Limeacha kugonga," Fundi Sikio alisema.

"Limeacha kabisa, baba," binti alisema kwa furaha. Kisha furaha ikamkauka. "Ulikuwa unasikia?"

"Sikusikia kitu tangu asubuhi. Nilikuwa nakutazama wewe."

Daktari aliegesha gari kwenye kivuli cha matangi ya maji, akazima injini. Palikuwa kimya, au palikuwa na ndege, Fundi Sikio hakuwa na hakika tena.

"Umejua lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Baba."

"Nimeuliza lini."

"Mwaka jana. Gari la mkate." Binti aliongea akitazama mikono yake. "Lile uliloliachia ukasema ni zima. Beringi ya gurudumu ilikuwa inalia mpaka mwenye mkate akaniuliza ni nini. Nilimwambia alilete Jumapili, wewe ukiwa umepumzika. Nikaibadilisha."

"Na mengine?"

"Yalikuwepo mengine."

"Mangapi?"

"Sikuhesabu, baba."

Fundi Sikio alifungua mlango, akatoka nje, akasimama. Kwamba sikio limekwenda, hilo aliliona kama kuvunjika kwa spana nzuri, kitu cha kusikitika halafu kuendelea. Kilichomkata maini ni hizo Jumapili. Yeye alikuwa nyumbani amejilaza kama bwana, mtoto wake akirudi gerejini kinyemela kufungua upya alichokifunga yeye.

"Nilimcheka muuzaji wa chupa," alisema kupitia dirisha. "Kumbe wewe ndiye unayenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka mzima. 'Sawa baba, ndiyo baba.' Wateja wanajua, mwenye mkate anajua, mimi tu ndiye mjinga wenu."

"Ningekuambia nini?" Sasa na binti alikuwa amekasirika, na sauti yake ilipanda. "Lango limeandikwa tunasikiliza. Kila anayeingia anataka kukuona na bisibisi yako. Ningesimama pale katikati niseme nini? Jumatano nimejaribu kusema kidogo tu, umeniita muuza mafuta."

"Nilisema rafiki zao."

"Ni mamoja."

Daktari alikuwa amekaa na mikono juu ya usukani, kama mtu aliyekwama kwenye ugomvi wa jikoni kwa watu. Alikohoa.

"Fundi, simu yako ikilia mfukoni, unaisikia?"

"Naisikia ikitetemeka."

"Na maneno ya wanawake na watoto unayasikia nusu, ya wanaume yote."

Fundi Sikio alimtazama.

"Sikupigii ramli," Daktari alisema. "Mimi ni miaka ishirini na sita na mashine ya kutoboa meno hapa, ubavu wa kulia. Sikio la kulia limeshaanza. Zinaanza kwenda zile sauti nyembamba, za juu. Mngurumo unabaki, kwa hiyo mtu hajui. Anaona vitu ndivyo vilivyoharibika." Aligusa sikio lake la kushoto. "Mlimani nasikia kwa hili. Kwa la kulia peke yake ningekosa. Nilikwenda kupimwa. Nitakupa jina la daktari wangu. Hazirudi, sikudanganyi, lakini vipo vifaa, na ni bora kujua."

"Nikiwa na kifaa sikioni watu watasema nini?"

"Watu wananiletea meno nikiwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Hawajawahi kusema kitu. Wanataka jino lipone."

Fundi Sikio hakucheka, ila alikaribia. Alitoa fomu mfukoni, akaikunjua juu ya boneti lenye joto, akaomba kalamu. Saini yake ilikuwa pale, kubwa, na mkia wake mrefu aliokuwa akijivunia. Akaipiga mstari, mmoja, ulionyooka.

"Baba, usifanye hivyo," binti alisema. Alikuwa ametoka garini sasa. "Kwa tisini na tano injini ni nzima kweli. Saini yako ni sahihi."

"Ni sahihi leo. Jumatano ilikuwa uongo, na Daktari angepanda mlima mzima na petroli ya papara, kwa neno langu. Kilomita nne, injini imechemka, kidude chake kimechoka kulalamika. Pistoni ingetoboka pale pale." Alimpa kalamu. "Aliyesikia ndiye anayesaini."

"Klabu hawanijui mimi."

"Wataniuliza, nami nitawaambia."

Binti alisaini. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na wa haraka, hauna mkia wowote. Chini yake, kwa mwandiko wake mkubwa, Fundi Sikio akaongeza maneno ambayo fomu haikuyaomba: "Kwa petroli ya tisini na tano tu." Akampa Daktari karatasi yake, na Daktari akauliza zile chupa tatu zilizobaki azifanyeje.

"Mrudishie muuzaji," Fundi Sikio alisema. "Mwambie ajifunze kuhesabu pointi."

Daktari aliwashusha gerejini, akaenda zake, na mlio wa Jino ukawapotea barabarani, kila mmoja kwa wakati wake: kwa mzee mapema, kwa binti baadaye kidogo. Wakafunga milango. Mzee alining'iniza bisibisi ndefu kwenye msumari wake, akasimama, akaitoa tena, akaiweka juu ya meza ya kazi ya binti yake, kando ya kile kidubwana. Binti aliiona, akaisogeza mbali na ukingo wa meza.

Wakapanda pikapu kurudi nyumbani. Mzee aliendesha. Kwenye njia panda alisimama, akashusha indiketa ya kulia. Kimshale cha kijani kilianza kuwaka na kuzima kwenye dashibodi. Magari yalipita. Njia ikawa wazi, lakini hakuondoka.

"Inalia?" aliuliza.

"Inalia, baba."

"Na kile kidude cha mwanzo? Kile nilichokitoa?"

Binti alitazama barabara.

"Nacho kilikuwa kinalia."

"Ulikuwa umekaa hapo hapo nikikibadilisha. Umenishikia tochi."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulipomaliza ulifurahi," binti alisema. "Ulisema sasa imekaa sawa."

Nyuma yao mtu alipiga honi, nene, na hiyo Fundi Sikio aliisikia vizuri. Akaweka gia.

"Cha zamani kiko kwenye droo ya juu," alisema. "Jumatatu ukitafutie gari. Ni kizima."